Nyeusi, Ndogo, Nimeinunua Darajani

Ujumbe ule ninao mpaka leo kwenye simu yangu ya zamani yenye ufa. Niliuandika nyumbani, Wete, mwaka 2018, usiku wa manane, kwa hasira: “Asalaam alaykum kaka. Gemu linaganda. Nifanyeje?” Nikaiweka simu kifuani nikasubiri dawa.

Niliyemwandikia ni mtoto wa ami yangu, kanipita miaka minane, fundi wa kompyuta Unguja, ana kijiduka chake Mwanakwerekwe. Jibu lilikuja asubuhi, alipofungua duka: “Waalaykum salaam. CPU gani?”

Nikamjibu papo hapo, kama mwanafunzi aliyeliotea swali: “Nyeusi, ndogo, nimeinunua Darajani.”

Asiyekulia kwetu huenda asione nimekosea wapi. Mtaani petu boksi zima la kompyuta ndilo CPU. Kuna skrini, kuna kibodi, kuna mausi, na kuna CPU, basi. Tulichorewa hivyo ubaoni skuli na mtihani tukafaulu. Kumbe mwenzangu alikuwa akiulizia prosesa, ubongo wa mashine, kile kidude cha ukubwa wa biskuti kinachokaa ndani ya boksi, chini ya feni, ambacho sikuwahi kukiona wala kujua kwamba kina jina na namba yake. Akanitumia sauti ya sekunde kumi na mbili. Tisa za mwanzo anacheka. Tatu za mwisho anasema: “Mdogo wangu, nakuuliza ng'ombe anatoa maziwa kiasi gani, wewe wanitajia rangi.”

Kompyuta ile ilikuwa jasho langu. Msimu mzima wa karafuu nilikuwa nakwenda Mtambwe kwenye shamba la mjomba, mchana nachuma kwa pishi, usiku tunakaa barazani kuchambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vinanata. Pesa zilipotimia nikashuka Mkoani, nikapanda boti, nikatokea Malindi, na kutoka hapo ni mguu tu mpaka Darajani. Muuzaji alinisomea sifa za mashine kama anayesoma wasifu wa bwana harusi: “Core i5, memori mia tano, VGA GB 2, inacheza kila kitu.” Nikazihifadhi kwa moyo. Nikairudisha Pemba nimeifunga kwenye blanketi, nimeipakata njia nzima. Pale mkondo wa Nungwi boti ilipoanza kuruka watu walishika mifuko ya kutapikia, mie nimeshika boksi.

Gemu lenyewe lilikuwa GTA V, lile la kuendesha magari mjini. Nililinakili kwa rafiki yangu wa Chake kwenye diski ya nje, maana kulishusha kwa bando la simu ningemaliza pesa za karafuu za misimu miwili. Lilifunguka. Hilo ndilo lililonidanganya. Picha ya mwanzo ikaja, muziki ukapiga, nikaingia mjini, gari likatembea hatua mbili likasita, likatembea, likasita, kama punda anayegoma kwenye mlima. Baada ya dakika kumi skrini ikaganda kabisa na sauti ikabaki inajirudia neno moja.

Basi kaka akaniuliza tena, mara hii kwa ufundi zaidi: prosesa gani, RAM kiasi gani, kadi ya grafiksi ipi (ile ya kuchora picha, mtaani tunaiita VGA), Windows ipi. Nikamwandikia yale ya muuzaji, nikaongeza na langu. Kwenye boksi palikuwa na stika ya kijani, na mie nilishaona stika ya kijani ya Nvidia, watengenezaji wa kadi za grafiksi, kwenye laptopu ya mtu, kwa hiyo nikaandika: “VGA ya Nvidia GB 2.” Niliandika bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeapa. Naye, kwa kuniamini, akanambia nishushe driva mpya ya Nvidia, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi.

Ile driva ilikuwa zaidi ya MB 400. Nililala nikiamka kuangalia imefika wapi. Ilipokamilika nikaifungua, ikazunguka kidogo, kisha ikanambia kwamba haikuona kwenye mashine hii kifaa chochote inachokifahamu. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mie nikaona driva ni mbovu, nikashusha nyingine.

Nilipochoka nikafanya lile wanalofanya vijana wote wakishindwa: nikapiga Windows upya. Rafiki alikuwa na flashi yenye Windows 7, nikaitia, nikabonyeza kila nilichoambiwa nibonyeze, na katika kubonyeza huko nikafuta sehemu ya diski iliyokuwa na picha za harusi ya dada yangu. Picha zote za siku ya singo zilikuwa humo tu. Dada hakunisemesha wiki mbili, na alikuwa na haki yake. Na gemu? Sasa halikufunguka hata kidogo. Likatoa kijidirisha chenye maandishi marefu ya Kizungu. Nikakifunga bila kusoma nikamwandikia kaka: “Bado inasumbua.”

Bado inasumbua! Neno hili nimelisoma mara nyingi tangu siku hiyo, kutoka kwa watu wengine, na kila nikilisoma nauona uso wangu. Kwangu mimi tatizo lilikuwa lile lile, kwa sababu uchungu ulikuwa ule ule: nataka kucheza, sichezi. Kwa fundi ni matatizo mawili yasiyojuana. Gemu linalofunguka kisha likaganda, na gemu linalokataa kufunguka, yana sababu tofauti na dawa tofauti. Mie niliyaweka kwenye kapu moja, tena sikumwambia kwamba katikati nimebadilisha Windows nzima. Akawa anaendelea kutibu mashine ambayo haipo tena.

Siku ya tatu akanipigia. Hakuwa anacheka. “Nisikilize. Maneno ya muuzaji sitaki tena, na yako pia sitaki. Nataka mashine iseme yenyewe. Na mie si mpiga ramli, siwezi kuiona kutoka huku.”

Akanielekeza. Nishike kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kikatokea kijidirisha chini kushoto. Niandike dxdiag, programu ya Windows yenyewe inayoorodhesha vilivyomo ndani ya mashine, nibonyeze Enter. Kuna mstari mdogo wa kijani unatembea pale chini, nisiguse kitu mpaka uishe. Kisha nibonyeze kitufe kilichoandikwa Save All Information, nilihifadhi faili mahali ninapoliona, nimtumie. Kazi yote haikufika dakika tatu. Faili linaitwa DxDiag, ni maandishi matupu, ni jepesi kuliko picha moja ya simu. Ndani yake limo na jina la mashine, kwa hiyo kama kompyuta umeipa jina lako kamili lisome kwanza kabla hujampa mtu usiyemjua.

Alilifungua kule Mwanakwerekwe, mie nimelifungua huku Wete, tukalisoma pamoja kwa simu, yeye ananisomesha kama mwalimu wa chuoni anavyomsomesha mtoto juzuu, kidole mstarini.

Mstari wa Windows: Windows 7 Ultimate, biti 32. “Hapo,” akasema. “Gemu lako ni la biti 64. Halitafunguka hapo mpaka kiyama. Lile dirisha lililotokea limesemaje?” Nikalitafuta tena gemu, nikalibonyeza, dirisha likaja, safari hii nikamsomea. Lilikuwa linasema, kwa lugha ya kiungwana kabisa, kwamba faili hili halilingani na Windows niliyonayo, na kwamba niangalie taarifa za kompyuta yangu nijue kama nahitaji programu ya biti 32 au 64. Mashine yenyewe ilikuwa imenambia la kufanya siku mbili nyuma. Nililifungia mlango.

Mstari wa prosesa: Intel Core i5-2400, 3.10GHz. Kumbe hapo muuzaji alisema kweli, ni i5. Lakini i5 ni jina la ukoo. Hiyo 2400 ndiyo jina la mtu mwenyewe, na ndiyo inayosema kwamba ni ya mwaka 2011. Kuna i5 zilizotoka miaka mingi baada yake, na ukisema “i5” tu ni kama kusema unamtafuta mtu fulani Pemba na jina lake ni Hamad.

Mstari wa RAM: MB 4096. Na chini yake: zinazotumika, 3476. Windows ya biti 32 haiwezi kuhesabu zaidi ya GB 4, na sehemu ya hizo inachukuliwa na vifaa vingine. Nikauliza, na ile memori mia tano? Akashusha pumzi. “Hiyo ni diski, mdogo wangu. Sikiliza. Diski ni ghala. RAM ni jamvi la kuanikia. Ghala lako linaingia magunia mia tano, lakini jamvi lako ni la magunia manne. Kazi inafanyika juani, kwenye jamvi. Ukiwa na ghala kubwa na jamvi dogo utaanika kidogo kidogo tu.” Mfano huu mtoto yeyote wa Pemba anauelewa bila kurudiwa.

Kisha tukafika kwenye ukurasa wa Display, na hapo nilitamani simu ikatike. Jina la kadi: Intel HD Graphics. Hapakuwa na Nvidia. Haikuwahi kuwapo. Ile stika ya kijani ilikuwa ya kitu kingine kabisa, ilikuwa inajisifia kuokoa umeme. Na zile GB 2 za VGA? Faili lilizichambua: memori yake hasa ni MB 64, na zilizobaki zote ni za kuazima kutoka kwenye RAM. “Jamvi lako lenyewe dogo,” akasema kaka, “na jirani kalikata kipande.”

Lile gemu lilitoka kwa kompyuta mwaka 2015, na wenyewe waliandika wazi kinachohitajika kwa uchache: Windows ya biti 64, prosesa yenye viini vinne, RAM GB 4, kadi ya grafiksi yenye memori yake GB 1, na nafasi ya GB 65 kwenye diski. Mie maandishi hayo nilishayasoma. Nikayalinganisha na maneno ya muuzaji nikaona nimezidi kila mahali. Kumbe nililinganisha mashine iliyokuwa kichwani mwangu.

Yule muuzaji simlaumu sana. Sidhani kama alijua. Aliinunua kwa mwenzake na zile sifa akazipokea hivyo hivyo, nami nikazipokea kwake, nikampelekea kaka, kila mmoja anamkabidhi mwenzake chombo kilichofungwa. Ninachojilaumu ni kwamba mie ndiye wa kwanza aliyekuwa na nafasi ya kukifunua, na ilikuwa dakika tatu.

Tulipoanza kutafuta kadi ya grafiksi ya kweli maswali yalizidi, lakini sasa sikuyachukia. Alitaka picha ya ubavuni mwa pawa saplai, kile kinachoigawia mashine umeme: wati 240. Alitaka nipime kwa tepu nafasi iliyopo ndani ya boksi, kwa kuwa boksi langu ni lile jembamba la ofisini na kadi ya kawaida haisimami humo, inatakiwa fupi. Alitaka picha ya kipande cha RAM, karibu, mpaka maandishi yasomeke: PC3-10600, yaani RAM ya aina ya DDR3. Nilipomuuliza kwa nini asiseme tu “nunua RAM”, akanambia DDR4 haingii kwenye tundu hilo hata ukiipiga nyundo, na boti ya kurudisha bidhaa Unguja ina nauli yake.

Kadi niliiona mwenyewe kwanza, kwa mtu aliyekuwa anaitangaza: GT 1030, GB 2. Nikamtumia kaka kwa furaha. Akajibu neno moja: “GDDR5 au DDR4?” Nikaona huyu sasa ananitafutia sababu. Jina si ni lile lile? Kumbe hapana. GT 1030 ya mwanzo, ya mwaka 2017, ina memori ya GDDR5 inayopitisha data kiasi cha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina hilo hilo na memori ya DDR4, haifiki hata GB 17. Mapacha wa jina, mmoja anakimbia, mwengine anakokota mguu. Nikamuuliza muuzaji. Hakujua. Nikamwomba picha ya stika ya nyuma: DDR4. Tukaiacha. Kaka akaipata ile nyingine Unguja, akamkabidhi jirani yetu aliyekuwa anarudi na boti, imefungwa kwenye gazeti ndani ya kopo la biskuti. Ilikuwa inakula wati 30 tu, na tundu lenyewe kwenye bodi kuu ya mashine linaweza kutoa mpaka 75, kwa hiyo pawa saplai yangu ndogo haikuwa na ugomvi nayo.

Nikaichomeka. Nikapiga Windows ya biti 64, safari hii nimeshahamisha kila kitu cha watu. Nikafungua gemu. Punda yule yule, mlima ule ule.

Nikaandika: “Kaka, kadi uliyonunua mbovu.”

Nashukuru Mungu kwamba ujumbe ule niliufuta kabla hajausoma, kwa sababu nilikumbuka, nikafanya kwanza dxdiag. Jina la kadi: Intel HD Graphics. Ile ile. Nikamtumia faili bila maneno, naye akarudisha swali bila salamu: “Waya wa skrini umechomeka wapi?” Nikapiga picha nyuma ya boksi. Skrini yangu ni kongwe, ina waya wa VGA tu, wenye skrubu mbili za buluu. Kadi mpya haina tundu hilo, ina HDMI. Kwa hiyo mie nilipoona waya hauingii kwenye kadi nikaurudisha palepale ulipokuwa, kwenye bodi, na mashine yangu iliacha tundu zote mbili zinafanya kazi. Kadi imekaa humo ndani siku nzima, feni inazunguka, haina wa kumwonyesha kitu. Nikatafuta kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, nikachomeka kwenye kadi, na usiku ule nikaendesha gari kutoka mwanzo wa mji mpaka ufukweni bila kusita hata mara moja, kwa rezolusheni ya chini, fremu arubaini na ushei kwa sekunde. Nilipita taa nyekundu zote.

Ningependa kusema hapo ndipo mwisho wa shida. Lakini kompyuta Pemba inaishi na sisi, na sisi tunaishi na vumbi, chumvi ya bahari na karafuu. Msimu uliofuata gemu likaanza kuzima mashine baada ya dakika ishirini. Sasa nilishakuwa mtu mwengine. Kabla sijamwandikia mtu nilishusha programu ya HWMonitor, inayopima joto la mashine, nikaiacha wazi pembeni, nikacheza, na ilipokaribia dakika ya ishirini nikatoka kwenye gemu kuangalia: prosesa nyuzi 97. Nikamwandikia kaka mistari mitatu yenye jina la prosesa, joto lake ikiwa imetulia na joto lake katika gemu, na kwamba sikubadilisha kitu chochote tangu mwezi uliopita. Jibu likaja baada ya dakika mbili, si asubuhi ya pili: “Fungua, safisha, weka pesti mpya.”

Nilipofungua ubavu wa boksi ilitoka harufu ya karafuu kama nimefungua gunia. Boksi lilikuwa linakaa sakafuni karibu na mlango wa uani, na pale uani ndipo tunapoanika. Kwenye mapezi ya bati la kupozea vumbi lilikuwa limeshikana na nyuzi za majamvi na vumbi la makonyo, limekuwa blanketi unaloweza kulibandua kwa kucha likatoka zima zima. Pesti iliyo kati ya bati na prosesa ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukutani. Nikasafisha kwa brashi ya rangi isiyotumika, nikapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, nikalipandisha boksi juu ya meza. Joto likashuka chini ya 70. Lakini ile harufu haikutoka, na mpaka leo ukicheza muda mrefu chumba kinanukia.

Tatizo la mwisho lilinitesa zaidi kwa sababu halikuwa ndani ya mashine. Kompyuta ilikuwa inajiwasha upya ghafla, bila joto, bila ujumbe. Ndani ya kumbukumbu za Windows niliikuta alama moja inajirudia, Kernel-Power 41. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, ilichozimikia haisemi. Kaka akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa kompyuta: “Saa ngapi inatokea?” Nikaanza kuandika kwenye daftari. Saa nane na robo mchana. Saa tisa kasoro. Saa kumi. Hapakuwa na mpango. Mpaka siku moja nimekaa kimya, gemu liko kwenye menyu, nikasikia kutoka jikoni mlio wa friza ya mama, ile anayogandishia barafu za kuuzia watoto wa skuli, inaguna kuanza kazi. Na papo hapo skrini ikawa nyeusi. Friza na kompyuta zilikuwa zinakunywa kwenye ekstensheni moja, waya mwembamba uliopitishwa juu ya mlango. Kila mota ya friza ilipoanza kuvuta, umeme kwenye ule waya ulikuwa unashuka kidogo, taa haikuona tofauti, lakini pawa saplai yangu ndogo iliona. Nikamwambia mama. Akaniangalia. “Kwa hiyo mwanangu gemu lako ndilo litakalohama, au barafu zangu?” Likahama gemu.

Siku hizi mie ndiye ninayeandikiwa. Si kwa ufundi mkubwa, ni kwa kuwa vijana wa Wete wanajua ninajibu. Na nimegundua kwamba kinachowazuia watu kusema mashine yao ni ipi mara nyingi si kutojua. Ni haya. Mtu anaongeza GB kama anavyoongeza idadi ya mahari akihadithia. Akishaambiwa “fanya dxdiag” ananyamaza siku mbili, kisha faili linakuja na ile GB 16 imekuwa 4. Simcheki. Wengine wanaficha kwamba gemu wamelinakili, wakidhani nitawashitaki, na mimi mwenyewe nimeshasimulia hapa langu nililipataje. Nataka kujua tu, kwa sababu nakala iliyopunguzwa mafaili ina magonjwa yake ambayo hakuna driva itakayoyatibu.

Kijana mmoja alinijia na laptopu ya kweli kabisa, ina Nvidia ya kweli, stika haikudanganya, na bado gemu linakokota. Faili lake lilikuwa na kadi mbili, Intel na Nvidia, kila moja kwenye ukurasa wake. Laptopu za namna hiyo hutumia ile ndogo ya Intel ili kuokoa betri, na gemu lake lilikuwa limeangukia kwa mdogo. Tukaingia kwenye mipangilio ya Nvidia, tukalikabidhi gemu kwa mkubwa, kwisha. Nusu ya muda aliokaa kwangu tulikunywa chai.

Mwengine alinambia imeandika “kitu cha d3 hivi”. Nikamwambia rudi ukapige picha. Ilikuwa d3dx9_43.dll, faili la DirectX ya zamani, sehemu ya Windows ambayo magemu huitumia kuchora picha, linalokuja na kifurushi cha Juni 2010. Angelikosea tarakimu moja tungekuwa tunatafuta kitu kingine, na alikuwa ameshaanza kuyashusha mafaili ya jina hilo moja moja kutoka kwenye tovuti asizozijua, jambo ambalo ni sawa na kununua panadoli iliyofungwa kwenye karatasi njiani.

Jana usiku kijana wa Konde kanitumia picha bila salamu wala maelezo. Ni skrini ya kompyuta, gizani, kaipiga kwa taa ya simu, na mwanga wa taa umeangukia katikati kabisa ya maandishi, duara jeupe kama mwezi. Herufi zinazosomeka ni tatu za mwanzo na mbili za mwisho. Nimemwandikia: “Waalaykum salaam. Zima taa ya simu, piga tena. Halafu nitumie dxdiag.” Nimemwelekeza namna ya kuipata, kitufe kwa kitufe. Tiki mbili zimeshakuwa za buluu, na juu pameandikwa kwamba anaandika, kisha pakafutika, kisha pakaandikwa tena.